Aliyeshika Ngazi

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka uliopita, jioni, baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Watu walikuwa wamekwisha kwenda makwao, nasi tulikuwa tukifuta ubao, tukaona kijana mmoja amebaki kwenye benchi la nyuma, kofia mkononi. Tulimfahamu sana, maana sisi ndio baba yake wa ubatizo. Alisoma mambo ya kompyuta huko Lubumbashi, na mama yake aliuza makala kando ya barabara apate kumlipia. Alipomaliza masomo tulifurahi sote. Tena alipopata kazi katika depo moja ya kununua mawe ya kobalti, nje ya mji wetu wa Kolwezi, ni sisi tuliomwandikia barua ya kumshuhudia kwamba ni Mkristu mwema na mtu mwaminifu.

"Baba," alisema, "nina swali moja tu. Naweza kupokea Komunyo siku ya Pasaka?"

Tulimwambia swali hilo ni la Padre, si la mwalimu. Akajibu kwamba kwa Padre atakwenda, lakini kwanza ataka kujua kama ana dhambi au hana, kwani yeye mwenyewe hakuelewa. "Mimi si mwizi, Baba. Sijachukua hata faranga moja ya mtu. Mimi naandika namba tu."

Mambo hayo ndiyo twataka kuyasimulia. Mwenyewe ametupa ruhusa, ila jina lake na jina la depo hatutayataja.

Msomaji asiyekaa huku Lualaba yafaa aelezwe kwanza jinsi jiwe linavyouzwa. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo ya Union Minière, na wazee wetu waliishi kwa shaba. Kampuni ilipogeuka kuwa mali ya serikali na kuitwa Gécamines, mshahara bado ulikuja, na shule, na hospitali, na unga. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 2003 ulianza ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini. Baba yetu alikuwa mmoja wao, na hiari yenyewe hatukuiona. Wengi walishika sululu na kamba, wakashuka mashimoni kwa nguvu zao wenyewe. Mwaka 2014 kobalti ilionekana hata chini ya nyumba za watu katika mtaa wa Kasulo, watu wakachimba ndani ya vyumba walimolala. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima yatoka Kongo, nayo huingia katika betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme. (Labda hata kompyuta aliyoandikia kijana wetu ilikuwa na jiwe la kwetu ndani yake, lakini hayo tuyaache.)

Mchimbaji hatoki shimoni na fedha. Atoka na mfuko wa mawe meusi yenye udongo. Bei ya mawe hayo hutegemea mambo mawili: uzito na kiwango, yaani katika kila sehemu mia za jiwe ni ngapi zilizo kobalti. Uzito mtu aweza kuukisia kwa bega lake. Kiwango hawezi. Macho ya mzee aliyechimba miaka ishirini huweza kusema jiwe hili ni zuri, jiwe hili ni baya, lakini hayawezi kusema ni mbili kwa mia au ni tatu. Kwa hiyo jiwe hupimwa kwa mashine ndogo yenye umbo la bastola, ambayo watu wa hapa huiita Metorex, kwa jina la kiwanda kimoja cha Finland kilichotengeneza mashine za namna hiyo. Hata mashine za viwanda vingine huitwa hivyo hivyo. Mashine hupeleka miali ya eksirei juu ya jiwe. Kila metali ikipigwa na miali hiyo hurudisha miali yake ya peke yake, isiyoonekana kwa macho; mashine huhesabu iliyorudi ni kiasi gani, kisha huigeuza hesabu kuwa namba. Kifaa chenyewe ni chema, na waliokibuni walikuwa watu wenye akili nyingi. Lakini kati ya miali iliyorudi na namba inayosomwa pana hesabu, na mwenye ufunguo wa hesabu hiyo aweza kuibadili.

Mwezi wa Januari 2016, Amnesty International pamoja na chama cha huku kwetu kiitwacho Afrewatch walitoa taarifa wakasema wachimbaji hawana njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala kiwango, bali hupokea anachosema mnunuzi. Hapa Kolwezi hakuna mchimbaji aliyengoja taarifa apate kulijua hilo. Watu huilalamikia Metorex kama wanavyolalamikia mvua: kwa sauti, bila kutumaini kitu.

Basi kijana wetu alifanya nini? Tajiri wake alitaka mambo ya kisasa. Mashine iwekwe katika kisanduku nyuma ya wavu wa chuma. Waya utoke hapo mpaka kwenye kompyuta. Namba ionekane kwenye kioo kinachomwelekea muuzaji. Na risiti itoke imechapwa. Kijana aliandika programu ya kufanya hayo yote kwa wiki tatu. Ilikuwa kazi nzuri, alijivunia, na wachimbaji nao waliipenda, kwani karatasi iliyochapwa humtuliza mtu kama neno la sheria.

Mwezi wa pili tajiri alimwita. "Mawe ya watu hawa yana maji na vumbi," alisema, "twapata hasara. Punguza kidogo." Kijana akaongeza mstari mmoja katika programu: kila namba inayotoka kwenye mashine izidishwe kwa 0.75 kabla ya kufika kwenye kioo. Jiwe la nne kwa mia likasomwa tatu.

Mwezi wa tatu aliitwa tena. Safari hii tajiri alisema kwamba siku watu wa serikali watakapokuja na jiwe lao la kupimia, kioo kiseme kweli. Kijana akaandika mstari mwingine. Ukibonyeza kitufe fulani, ule mstari wa kwanza hulala. Ukibonyeza tena, huamka. Ndipo usingizi ulipompotea. Maana alijiuliza: kama kweli ni mambo ya maji na vumbi, kwa nini wakaguzi wafichwe?

Twaona haya kuandika tulichomjibu jioni ile. Tulimwambia kwamba mfanyakazi hutii, na dhambi ya amri ni ya mwenye kuitoa. Tulimwambia asali, avumilie, amkumbuke mama yake na wadogo zake wanaokula kwa mshahara ule. Maneno yalitoka upesi na kwa upole mwingi, kama yatokavyo maneno ambayo mtu hakuyafikiri. Tena tuseme yote: wakati wa Noeli kijana huyo alikuwa ametoa fedha za mabati kumi na mawili ya kuezeka kibanda chetu cha mafundisho. Tulikuwa tumekaa chini ya mabati hayo tulipokuwa tukimjibu.

Alitushukuru akaondoka. Hakuonekana mtu aliyefarijiwa.

Wiki mbili zilipita. Ijumaa moja, baada ya Njia ya Msalaba, mwimbaji mmoja wa kwaya yetu, mtu wa sauti nzito, alikaa nasi mlangoni mwa kanisa. Ni mchimbaji. Yeye na wenzake watatu walikuwa wamechimba siku kumi na moja. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alitwanga sehemu ya mawe yake, akayachanganya vizuri kama unga, akayagawa katika vifuko viwili, akavipeleka kwenye depo mbili. Ya kwanza ilisema 3.6. Ya pili ilisema 2.7. Ile ya kwanza ilikuwa na foleni ya siku mbili, na mwenye pikipiki aliyebeba mzigo alitaka fedha zake saa ile ile. Kwa hiyo waliuza katika ile ya pili. Baada ya kulipa pikipiki na mwenye shimo na chakula walichokopa, kila mmoja alibaki na kiasi kisichotosha ada ya shule. Binti yake wa sekondari alikuwa amerudishwa nyumbani tangu Jumatatu.

Tulimwuliza jina la hiyo depo ya pili. Akalitaja. Tukafanya hesabu kichwani: 3.6 mara 0.75. Ni 2.7 kamili.

Tulimwuliza kama hakukasirika. Alicheka kidogo. "Nimkasirikie nani, Mwalimu? Mashine ndiyo imesema."

Maneno hayo matatu ya mwisho hayakututoka kichwani. Wazee wetu walisimulia habari za mpima mizani wa zamani aliyekandamiza sinia kwa kidole gumba. Kila mtu alimjua. Mizani ilipotazamwa alikiondoa, alipomwona mama mjane labda alikiondoa pia, kwa huruma au kwa aibu, jioni alichoka, na akipita sokoni alitupiwa maneno, akajua kwa nini. Uovu wake ulikuwa na uso, na ulikuwa na mwisho wa siku. Kidole cha kijana wetu hakichoki. Alikibonyeza mara moja, akiwa amekaa kitini, penye feni, naye hakumwona hata mchimbaji mmoja. Tangu saa ile kinakandamiza kila mfuko, wa mjane na wa mlevi sawasawa, hata akiwa amelala, hata akiwa kanisani anaimba pamoja na mtu yule yule anayeibiwa. Na anayeibiwa hana wa kumlaumu, kwa sababu namba haina uso.

Usiku ule tulifungua daftari letu la zamani la Seminari. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa XI alilaani mafundisho 65 ya watu waliotaka kuifanya sheria ya Mungu kuwa nyepesi mno. Fundisho la 51 lilihusu mtumishi. Walikuwapo walimu waliosema kwamba mtumishi anayemsaidia bwana wake kupanda dirishani, amtende uovu msichana aliyemo ndani, akimpa mabega yake akanyage au akimletea ngazi, hatendi dhambi ya mauti ikiwa anaogopa hasara kubwa: yaani bwana asimtese, asimtazame kwa jicho baya, asimfukuze nyumbani. Papa alikataa. Tulipokuwa Seminarini tulilisoma fundisho hilo kwa ajili ya mtihani tu. Tulicheka, tukauliza nani siku hizi anapanda dirishani kwa ngazi. Sasa tulimwona mshika ngazi, naye ni mwana wetu wa ubatizo, na sisi ndio tuliomwambia aishike vizuri.

Tulimwita Jumapili baada ya Misa, tukaanza kwa kumwomba radhi. Kisha tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza tangu mwanzo: "Tajiri alisema, punguza kidogo. Ile 0.75, nani aliichagua?"

Alinyamaza kitambo. "Ni mimi," alisema. "Yeye hakutaja namba. Nilijaribu 0.9, nikaona haitampendeza."

Hapo twadhani ndipo penye shina la jambo lote. Walimu wa maadili hutofautisha anayesaidia uovu kwa karibu na anayesaidia kwa mbali, na ni haki. Mlinzi wa lango la depo, mama anayepika bukari ya wafanyakazi, dereva wa lori, hao wako mbali. Hatuwezi kuwatwisha mzigo huu, la sivyo hakuna mtu Kolwezi atakayekula chakula chake kwa amani. Lakini mwandishi wa programu hakai mbali. Kwa namna moja yuko karibu kuliko tajiri mwenyewe. Tajiri alitaka faida. Hakujua kuandika hata mstari mmoja. Aliyejua jinsi ya kufanya, aliyejua ni kiasi gani, aliyejua mahali pa kuuficha mstari usionekane, ni mmoja tu. Karani wa zamani aliweza kusema kwamba aliandika alichoambiwa, neno kwa neno. Huyu aliambiwa neno moja tu, mengine yote akayatia mwenyewe kwa akili yake na kwa elimu ambayo mama yake aliilipia kwa makala. Hatusemi hivyo ili kumpunguzia tajiri chochote. Mwenye kupanda ngazi ana dhambi yake kamili. Haigawanywi mara mbili ili kila mmoja apate nusu.

Asidhani msomaji kwamba hayo ni mambo ya Kolwezi tu. Mwaka 2015 ilijulikana duniani kote kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitia hila katika programu za magari yake ya dizeli. Programu ilitambua kama gari liko katika chumba cha kupimwa au liko barabarani. Likipimwa, moshi ulikuwa safi. Likiwa barabarani, gesi ya sumu ilipita kipimo kilichowekwa na Marekani, mara nyingine hata mara 40. Magari yapata milioni 11 yalikuwa na hila hiyo. Injinia mmoja, James Liang, aliyeshiriki kuitengeneza injini hiyo, alikiri kosa mwaka 2016. Na mwezi wa Agosti 2017, huko Detroit, alihukumiwa kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Mawakili wake walieleza kwamba si yeye aliyebuni mpango wote, bali alikuwa mwaminifu kwa tajiri wake kupita inavyofaa. Waendesha mashtaka wenyewe walikuwa wameomba adhabu ndogo kuliko hiyo, jaji akaizidisha. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu mwaka 2015 na kushtakiwa huko Marekani mwaka 2018, naye amekana. Lakini wa kwanza kuhukumiwa alikuwa fundi.

Tulipomsimulia kijana habari hiyo, alisema kwa sauti ndogo, "Mstari wangu wa kitufe ndio huo huo, Baba."

Na jirani zetu wa Kenya waliona jambo la namna yake. Simu zilijaa programu za kukopesha fedha. Mtu alipokopa, programu ilikwisha kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake. Alipochelewa kulipa, mama mkwe wake, rafiki zake na hata bwana wake wa kazi waliambiwa kwamba fulani ana deni. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kukataza kuwaaibisha watu hivyo. Sheria iliwatazama wenye kampuni, nayo ni sawa. Lakini mahali fulani alikuwapo kijana aliyekaa mezani, akaandika mstari wa kuyasoma majina, na yamkini aliwaza kama huyu wa kwetu: mimi naandika tu.

Kijana alikuwa na neno lake, nalo si dogo. "Nikitoka mimi ataingia mwingine kesho. Wachimbaji hawatapata kitu, na mama atalala njaa." Hatukuweza kulitupa neno hilo. Mtu asiye na shamba wala ng'ombe, aliyepata mshahara baada ya miaka ya kuungoja, haambiwi kirahisi, acha. Katika Injili ya Mtakatifu Luka watoza ushuru na askari walimwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Hakuwaamuru waache kazi zao. Aliwaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya iliyowekwa, na askari wasinyang'anye, waridhike na mshahara wao. Nasi hatukumwambia aondoke. Tulimwambia: programu si dhambi, risiti si dhambi, na kama mawe yana maji, yapimwe maji mbele ya mwenye mawe. Mistari miwili ndiyo isiyoweza kukaa. Kama tajiri akikubali uiondoe, baki.

Alikwenda kwa tajiri Jumatatu. Tulikuwa tumemtazamia arudi na habari za makelele na matusi, lakini hayakuwapo. Tajiri alimsikiliza, akatabasamu, akamwomba ufunguo wa ofisi na neno la siri la kompyuta, akamlipa siku zake. Wiki ile ile aliingia kijana mwingine, waliyesoma darasa moja Lubumbashi. Mistari haikuguswa. Kioo kinasema leo kama kilivyosema jana, na mwimbaji wetu bado hupita njia ile ile na mfuko wake.

Mama wa kijana alikuja nyumbani kwetu jioni. Hakuketi. "Mwalimu," alisema, "nasikia wewe ndiye uliyemwachisha mwanangu kazi. Utatulisha wewe?" Mama wa nyumba yetu alimpa nusu mfuko wa unga, akaupokea, akaenda bila kuaga. Hatukuwa na jibu siku ile, wala leo hatuna jibu ambalo tungethubutu kumwambia mama huyo mbele ya jiko lake.

Likabaki jambo la kurudisha. Kila mwanafunzi wa katekisimu ajua kwamba mwizi haondolewi dhambi akibaki na mali, na aliyemsaidia mwizi hufungwa naye kwa deni ikiwa mwenyewe halipi. Lakini arudishe nini, naye hakuchukua? Amrudishie nani? Waliouza walitoka Kasulo, Kapata na mashimo mengine. Risiti hazikuwa na majina. Tulikaa naye na daftari tukijaribu kukisia: mifuko mingapi kwa siku, miezi mingapi, robo ya kila kiwango. Tulipofika kwenye jumla tulifunga daftari, kwa kuwa ilikuwa fedha ambayo hataishika maisha yake yote.

Padre alikuwa na hekima kuliko sisi. Alimwuliza: ni kitu gani ulichowaibia ambacho bado unacho? Kijana alisema hana kitu ila kujua. Basi, alisema Padre, anzia hapo.

Pasaka ile alibaki kwenye benchi. Tulimwona kwenye mstari wa Komunyo siku ya Pentekoste, na hatukumwuliza lolote.

Siku hizi hutengeneza simu sokoni, penye kivuli cha mwavuli. Jumamosi alasiri huja kwenye kibanda chetu na sinia, nyundo na vifuko vya plastiki, na wachimbaji huja kumsikiliza. Huwafundisha kutwanga jiwe na kulichanganya, kuligawa mafungu matatu, na kuweka fungu moja nyumbani lisiloguswa. Huwafundisha kuwa na jiwe la ushahidi: jiwe moja lililopimwa mahali wanapopaamini, ambalo wote wajua kiwango chake, walitie kimyakimya kati ya mawe yao kila waendapo kuuza, waone kioo kitasemaje. Huwaambia waandike namba zote, na jina la depo, na siku, wapate kulinganisha wao kwa wao. Hakuna mchimbaji awezaye kununua Metorex, bei yake ni ya gari. Lakini watu ishirini wenye daftari moja ni vigumu kuwadanganya kwa namba ile ile kila siku. Mabati bado yako juu. Tulikuwa tumemwuliza Padre kama tuyaondoe. Alisema wachimbaji ndio walioyalipa, acheni wakae chini yake.

Jumamosi iliyopita walikuja kumi na watatu, mwimbaji wetu akiwamo. Mzee mmoja wa Kapata alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe mwanangu, umejuaje mambo haya ya ndani ya kioo?"

Akawaambia. Hakuficha depo wala kitufe wala 0.75. Mwimbaji wetu alimtazama muda mrefu, akainuka, akatoka nje. Tulimsikia akiwasha pikipiki. Waliobaki walikaa kimya. Kisha yule mzee akasukuma sinia mbele yake, akamwambia arudie tena pale penye kugawa mafungu, kwani hakuona vizuri.